AFISA UTUMISHI NAYE AWE NA KIJIWE CHAKE

 

Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja ambaye akitajwa tu kazini watu wanapata tumbo joto. Simsemi bosi mkubwa, maana yule wengine hata sura yake hatuijui vizuri. Namsema yule mwenye ofisi ndogo karibu na masijala, mwenye kabati la chuma lililojaa mafaili yetu, ambaye akikuita saa tisa alasiri siku ya Ijumaa na kukuambia "funga mlango, kaa", unajua kabisa unga umeshamwagika. Naam, afisa utumishi. Siku hizi kapewa majina mengi, mara meneja rasilimali watu, mara "eichi-aa", lakini kabati ni lile lile.

Mimi niliyeishia kidato cha nne namfahamu zaidi kwa upande wa nje wa mlango wake, pale kwenye benchi, bahasha ya kaki mkononi. Ukikaa pale muda mrefu unaona mengi. Na kitu kimoja nilichokiona ni kwamba mtu huyu tunayemwogopa hana wa kumuuliza.

Hebu fikiria. Dereva wa daladala gari likilia mlio asioujua, anaegesha kijiweni, wenzake watatu wanainama kwenye injini, mmoja atasema "hiyo beringi", na ndani ya dakika tano kapata jibu. Fundi cherehani akiletewa kitambaa kinachoteleza, anavuka barabara kwenda kwa fundi mwenzake. Wahasibu wana bodi yao, mawakili wana chama chao, na hata akina mama wa kuuza vitumbua wanajuana, wanaambiana bei ya unga imepanda wapi. Sasa afisa utumishi wa kampuni ya watu 80 amuulize nani? Mara nyingi yupo peke yake. Akienda kula na wafanyakazi, mazungumzo yanakatika ghafla kama redio iliyokwisha betri. Akienda kula na mabosi, yeye ndiye mdogo kuliko wote mezani. Anajua mshahara wa kila mtu, anajua nani anaumwa nini na nani anakatwa mkopo mpaka anabaki na nauli tu, na hayo yote hawezi kumwambia mtu. Kaka, dada, huo upweke si mchezo.

Najua wapo watakaosema "na akome, si ndiye anayetufukuza?" Ngoja kwanza. Mwenzako akikosa wa kumuuliza, anayeumia ni wewe.

Kuna dada mmoja ninayemfahamu, ni afisa utumishi katika kampuni ya kusambaza bidhaa. Jina lake na la kampuni nayaacha. Alianza kama karani wa masijala, aliyemtangulia alipoondoka akaambiwa "kalia kiti hicho", akakikalia. Cheti anacho, alikisomea jioni baada ya kazi, lakini cheti kinafundisha mambo kwa ujumla, hakikuambii la kufanya bosi akishapandisha mori.

Asubuhi moja, saa nne hivi, mkurugenzi akaingia ofisini kwake. Katoni 14 za sabuni hazionekani stoo. "Mwandikie barua yule stoo kipa. Saa kumi jioni nisimwone getini." Akageuka, akaenda zake.

Stoo kipa mwenyewe ana miaka 11 pale, na watoto wanne wanasoma. Dada akafungua kompyuta, akaanza kuandika barua. Akaandika tarehe, akaandika jina, akakwama. Hakujua afuate hatua zipi. Akakumbuka kwamba kwenye kichen pati moja alikaa meza moja na mama mtu mzima ambaye naye ni mtu wa utumishi, kiwanda chake kipo barabara ile ile, na walipeana namba. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Akaeleza. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Nani, bosi?"

"Huyo stoo kipa."

"Bado mama."

"Basi usiandike kitu."

Ndugu msomaji, hayo maneno matatu ndiyo yaliyookoa kibarua cha mtu. Maana sheria yetu ya Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, haitaki mtu aachishwe kazi kwa sababu tu bosi kakasirika. Inataka mambo mawili yote yawepo: sababu ya kweli na ya haki, na utaratibu wa haki. Moja likikosekana, kumwachisha huko si halali. Na huo utaratibu umeandikwa, uko kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Kwanza unafanya uchunguzi. Kisha unamwandikia mhusika tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, unampa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida saa 48 zinatosha. Unamruhusu aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia. Anayeongoza kikao asiwe yule yule anayelalamika. Akikutwa na hatia, anasikilizwa tena kama ana lolote la kumpunguzia adhabu. Na asiporidhika na kufukuzwa kwake, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA.

Mama wa kiwandani alimsomea hayo yote kwenye simu, taratibu, dada anaandika. Jioni ile mkurugenzi alifoka, lakini alipoambiwa habari za Tume akatulia. Kikao kilifanyika. Kwenye kikao ikajulikana kwamba funguo za stoo ziko seti mbili, na ya pili anayo msimamizi wa mauzo, na kwamba safari mbili za gari zilitoka bila kuandikwa kwenye daftari. Stoo kipa akapewa onyo la maandishi kwa kuchelewa kujaza daftari. Mpaka leo yupo pale pale stoo.

Sasa jiulize, kama dada yule asingekwenda kichen pati?

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Haki ya mfanyakazi isining'inie kwenye bahati ya nani alikaa meza moja na nani. Watu wa utumishi wanatakiwa wawe na kijiwe chao, kinachojulikana siku na mahali, ambapo mtu akikwama anakwenda na swali lake na kurudi na jibu. Wasomi wanaviita vikundi hivi jumuiya za kujifunza. Mimi nitaendelea kusema kijiwe, kwani ndilo jina lake hapa kwetu.

Na usidhani nimejitungia. Mwaka 1991 wasomi wawili, Jean Lave na Etienne Wenger, walitoa kitabu kinachoeleza jinsi watu wanavyojifunza kazi wakiwa pamoja na wenzao. Na unajua Lave alikwenda kujifunzia wapi jambo hilo? Kwa mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, huko huko Afrika Magharibi, miaka ya 1970. Aliona kwamba mwanagenzi pale hapewi mkasi siku ya kwanza. Anaanza na mwisho wa nguo: kushona vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi. Baadaye anashona vipande vilivyokwisha katwa. Kukata kitambaa, ambako ukikosea hasara ni kubwa, kunakuja mwishoni. Na nguo zenyewe anaanza na kofia na chupi za watoto, suti inakuja baadaye sana. Wakati wote huo anakaa katikati ya mafundi, anaona, anasikia, anachekwa, anasahihishwa. Hakuna ubao wala chaki, na fundi anapatikana.

Hata hao Waingereza ambao tunapenda kuwaona walizaliwa wakijua kila kitu, nao walianza na kijiwe. Kiwanda cha chokoleti cha Rowntree katika mji wa York kiliajiri mwanamke mmoja, Mary Wood, mwaka 1896, awaangalie wasichana waliokuwa wakifanya kazi kiwandani. Viwanda vingine vikaiga. Lakini kila mmoja wao alikuwa peke yake kiwandani kwake, kama dada yetu wa sabuni. Mwezi Juni mwaka 1913 wakakutana York, watu 34, wakaunda chama chao. Hao 34 ndio asili ya chama kikubwa cha watu wa utumishi cha Uingereza ambacho leo kinaitwa CIPD, na ambacho mwaka 2000 kilipewa hati ya kifalme.

Majirani zetu Wakenya wamekwenda mbele zaidi. Wana chama chao, IHRM, na mwaka 2012 Bunge lao lilipitisha sheria mahususi ya wataalamu wa rasilimali watu, yenye kuweka usajili, mitihani na vyeti vya kufanyia kazi. Hilo ni jambo kubwa. Lakini chama kikubwa chenye makao makuu, bahasha na kadi ya uanachama hakitoshi. Stoo kipa anatakiwa aondoke saa kumi jioni. Makao makuu hayatajibu barua yako kabla ya saa kumi jioni. Atakayekujibu ni mtu unayemjua kwa jina, anayekujua kwa sauti.

Baada ya mkasa ule, dada na yule mama waliamua kutafuta wenzao. Sasa wako wanane: wa hoteli, wa hospitali ya binafsi, wa shule, wa gereji kubwa, wa kampuni ya ulinzi na wengineo. Wanakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, kwenye darasa la ile shule ya mwenzao. Nilialikwa nikakae nyuma nisikilize, kwa sharti kwamba nisiandike jina la mtu wala la kampuni. Nikakubali. Nikaenda nikakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yakagusa kidevu.

Bwana, nilitegemea hotuba. Nilitegemea meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki na mgeni rasmi anayechelewa saa mbili. Hakuna. Kila mtu kaja na chai yake kwenye chupa. Yule mama akafungua kwa maneno machache, akauliza: "Nani ana jambo?"

Kaka wa hotelini akanyoosha mkono. Ana dereva aliyefanya kazi miaka 12 mfululizo, nafasi yake inafutwa, na mazungumzo ya kupunguza kazi yamekwisha fanyika kama sheria inavyotaka. Kiinua mgongo chake kikoje? Yeye kapiga hesabu: siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mara miaka 12, siku 84. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote mle ndani, akasema kwa aibu: "Lakini kaka, si sheria inaishia miaka kumi?" Vitabu vikafunguliwa. Kweli, sheria inahesabu isizidi miaka kumi, kwa hiyo ni siku 70. Yule mama akaongeza: "Na kumbukeni, hiyo ni siyo chini ya hapo. Kama mkataba wenu unasema zaidi, mtu alipwe zaidi." Kaka wa hoteli akaahidi kwenda kuuangalia mkataba Jumatatu. Jambo lilichukua dakika kumi, na dereva mmoja ambaye hatujui hata jina lake atalipwa stahili yake bila kwenda kugombana popote.

Likaja la mama wa gereji. Fundi wake anaumwa kifua kikuu, bosi anasema amechoka kulipa mtu asiyefanya kazi. Wakakumbushana kwamba likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za mwisho kwa nusu mshahara, mradi cheti cha daktari kipo. Fundi mwenyewe hajamaliza hata mwezi. Mama wa gereji akaandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa.

La tatu ndilo lililonigusa. Mmoja wao, simsemi yupi, alisema bosi wake ameshaandaa orodha ya watu wa kupunguzwa, na anataka afisa utumishi aandike muhtasari wa kikao cha mashauriano ambacho hakikufanyika. Na sheria ya 2004 inataka mwajiri kabla ya kupunguza watu atoe notisi ya nia hiyo, atoe taarifa zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe: kwa nini wapunguzwe, kuna njia gani ya kuepuka, watachaguliwa vipi, lini, na watalipwa nini. Kuandika kikao hewa ni kuwazika watu wazima wakiwa hai. Kukataa ni kuliweka jina lake mwenyewe juu ya orodha ile. Darasa zima likanyamaza.

Hakuna aliyekuwa na jibu la mkato. Baadaye kaka wa hospitali akasema: "Mwandikie ushauri wako kwa maandishi, kwa heshima, mweleze hatari ya kwenda Tume bila mashauriano. Baki na nakala yako. Muhtasari wa uongo usiuandike." Mwingine akasema yeye kampuni yake ilishapita njia hiyo na yuko tayari kumwonyesha hatua walizofuata. Yule mwenye tatizo alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani kikubwa alichokipata siku ile ni kujua kwamba hayuko peke yake duniani.

Waliokuwepo makazini wakati Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipokuwa ikibinafsisha mashirika miaka ya 1990 wanaelewa nisemacho. Wengi walipunguzwa kazi zama zile, na mpaka leo kuna wazee wanaosimulia walivyokabidhiwa barua. Aliyekabidhi barua alikuwa nani? Afisa utumishi. Sijui alilala vipi usiku ule.

Sasa nizungumze na wewe uliye kwenye kazi hiyo, unayesoma gazeti hili kwa kujificha chini ya faili. Unaingiaje kwenye kijiwe? Kwanza usisubiri mwaliko. Anza na wale walio karibu, barabara moja, mtaa mmoja, au kazi zinazofanana. Wa hoteli atafute wa hoteli, maana matatizo ya zamu za usiku wanayajua wao. Pili, ukifika kumbuka mwanagenzi wa Monrovia, anza na vifungo. Kaa usikilize, jitolee kuandika muhtasari, tafuta kile kifungu cha sheria waliposhindwa kukikumbuka, leta nakala. Mtu anayefika siku ya kwanza na kuanza kuwafundisha wakubwa kukata kitambaa, wataanza kumkwepa. Tatu, uje na swali. Anayekuja kuchukua majibu ya wenzake tu, yeye mwenyewe hana hata siku moja alichokwama, huyo ama anajifanya ama ni kachero.

Na wewe uliyekabidhiwa kukiongoza? Nimeangalia anavyofanya yule mama, nikajifunza haya.

Siku na saa havibadiliki. Mkiwa watatu mnakutana, mkiwa wanane mnakutana. Kijiwe cha "tutaambiana" hakina umri mrefu.

Kila kikao kina jambo la kweli mezani, la mtu halisi, lakini bila jina. "Dereva mmoja", "fundi mmoja", basi.

Swali likikosa jibu halizikwi. Anapewa mmoja alifuatilie, Tume au kwa wakili au kwa watu wa chama cha wafanyakazi, na kikao kijacho ndicho kinachoanza na jibu lake.

Uenyekiti unazunguka. Yule mama kwa umri na ujuzi angeweza kukalia kiti mpaka astaafu, wala hakuna wa kumpinga. Lakini kila mwezi anaongoza mwingine, hata yule msichana mwenye aibu zamu yake ipo. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu: "Mwanangu, mimi nikifa leo wasikose wa kufungua mlango."

Anayezungumza sana anazuiwa kwa upole, anayenyamaza anaulizwa. Ndiyo maana siku 14 za ziada zilionwa na mdogo kuliko wote.

Kuna mambo yanayoua vijiwe hivi, nayo tuyaseme bila kuoneana haya. La kwanza ni posho. Siku mtakapoanza kulipana posho ya kikao, ndiyo siku mtakayoanza kupata wanachama ambao hawana hata mfanyakazi mmoja wanayemsimamia. Semina zina mahali pake, na Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, ambacho kipo tangu mwaka 1960, kinaendesha mafunzo. Nenda, jifunze. Ila semina anazungumza mtoa mada, wakati kijiweni unazungumza wewe uliyekwama.

La pili ni umbea. Watu wa utumishi wana siri za watu, na siri ina miguu. Siku hizi mtu anapiga picha barua ya onyo ya mfanyakazi, jina na sahihi vinaonekana, anairusha kwenye kundi la simu "nisaidieni jamani". Nisaidieni nini? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, je, wewe ungependa barua yako izunguke mji mzima hivyo?

La tatu ndilo baya kuliko yote: kijiwe kugeuka genge la waajiri. Mnaanza kwa kuulizana "ninyi madereva mnawalipa ngapi?", mnamalizia kwa kukubaliana "tusizidishe hapo". Au "huyu alinisumbua, msimwajiri". Hapo hamjifunzi tena, mnawafunga watu kamba. Wakubwa wa dunia walishaumbuka kwa hilo. Mwaka 2010 Serikali ya Marekani iliyashitaki makampuni sita, Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar, kwa makubaliano ya kutowapigia simu wafanyakazi wa mwenzake kuwachukua. Baadaye wafanyakazi wapatao 64,000 wakawa na kesi yao, na mwaka 2015 manne kati ya makampuni hayo yakakubaliwa na mahakama kulipa dola milioni 415. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, serikali ile ile ikatoa mwongozo wa maonyo ulioandikwa mahususi kwa watu wa utumishi. Unaona? Maana mara nyingi wao ndio wanaokaa meza moja. Yule mama anakata neno mapema kabisa: mishahara ya watu wenu msiipange hapa, na orodha ya watu wabaya sitaki kuiona.

Kwa ninyi mabosi, msione wivu afisa wenu akiomba ruhusa Jumamosi moja kwa mwezi. Hakwenda kutoboa siri za kampuni. Amekwenda kutafuta namna ya kuwaepusha na Tume, na chai kajinunulia mwenyewe.

Na wewe mwenzangu wa bahasha ya kaki na wewe wa stoo, siku utakapomkuta afisa utumishi amekaa na wenzake wa makampuni mengine, usikimbilie kusema wanapanga kutumaliza. Huenda ndiyo siku wanayohesabu siku 70 za dereva. Muulize tu kesho yake, kwa adabu: "Dada, kijiwe chenu kinakutana lini?" Akikujibu kwamba hana, mpe ukurasa huu.

Tukijaaliwa, wiki ijayo hapa hapa.